Rafu Isiyonepa

Nyumbani kwetu katikati ya chumba hakukaliwi. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza niliyofundishwa, pengine hata kabla ya kula kwa mkono wa kulia. Ukiingia chumbani kwa mama unavua viatu, unatoa shikamoo, kisha unapita ukuta kwa ukuta mpaka upate nafasi, unakaa na mgongo umeegemea chokaa. Katikati palitandikwa zulia jekundu lenye maua, na juu ya zulia hilo hakukanyaga mtu. Tulipokuwa wadogo tulicheza gololi humo, na gololi zetu zilikuwa na tabia ya kuviringika zenyewe mpaka kwenye zulia, ukizirusha upande wowote unaoutaka. Kuzifuata huko ilikuwa utovu wa adabu. Mama alizivuta kwa mpini wa ufagio, kisha akazitia kwenye mkebe wa juu kabatini, na hatukuziona tena.

Nilipoolewa niliihamisha adabu hiyo pamoja na masanduku yangu. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwa wakwe walinitandikia mkeka mzuri katikati ya ukumbi, kwa heshima yangu. Nikauzunguka, nikaenda kujibana kwenye kona nyuma ya friji. Mama mkwe wangu akaniangalia, akamwangalia mwanawe, kisha akauliza kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufichwa, "Mwanamke huyu katishwa na nani?" Mume wangu huisimulia hadithi hiyo kila Sikukuu, na kila mwaka kona inazidi kuwa ndogo na friji linazidi kuwa kubwa. Mimi nilijitetea kwamba nimelelewa. Nilisema kwao hawana adabu ya ukumbi, na kwa muda mrefu niliamini hivyo kweli.

Mama alikuwa akikaa Mji Mkongwe, juu, katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi na ambayo baba alimwachia. Ni nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti haziwi ndefu. Mvua zilipokuja, chokaa ikanyonya maji. Masika ya mwaka mmoja pande la dari la chini likaanguka kwenye njia ya kuingilia, mahali ambapo mimi nilikuwa nimesimama muda mfupi kabla ya hapo nikifunga mwavuli. Mama aliita kutoka juu akiuliza nani kaangusha kitu. Nilimwambia nyumba yake. Akasema nifagie.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Sisi tunakaa Chukwani, katika nyumba ya matofali na zege tuliyoijenga polepole, na chumba cha mama tulikuwa tumeshakitia madirisha na rangi. Kilichobaki ni mama mwenyewe. Kila nikienda mjini nilimwomba ahame kabla sakafu haijashuka naye, na kila nikimwomba alikuwa na sababu mpya. Chukwani kuna upepo mwingi. Chukwani adhana inasikika mbali. Samaki wa Chukwani hawana ladha, ingawa ni bahari hiyo hiyo moja na wavuvi wenyewe ni wale wale. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamwambia mume wangu kwamba mama yangu atakufa kwa ubishi. Kisha nikalia, maana nilikuwa nimeshaiona picha ya jambo lenyewe.

Sababu ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kweli, au ndivyo nilivyodhani. Vyombo vyake. Mama ana vyombo vya kichina alivyorithi kwa mama yake: sahani kubwa za pilau, mabakuli ya maua, mabuli, vikombe vyenye mdomo wa dhahabu ambavyo havijawahi kuguswa na chai. Vyote vilikaa kwenye rafu ndefu ya mvule iliyojengewa ukutani pamoja na nyumba, na rafu hiyo isingeweza kung'oka bila ya kuung'oa na ukuta.

"Nitahama," akasema siku moja, "siku mtakayonitilia rafu kama hii. Ndefu hivi hivi, na isinepe. Nikiiona inanepa, katikati imeshuka hata kidogo, nnarudi kwangu."

Nikamkumbatia. Hakujua, au alijifanya hajui, kwamba mkwewe ni seremala.

Yaani alijua kwamba ni seremala, lakini hakumhesabu. Mume wangu hutengeneza makabati ya jikoni kwa bodi za kiwandani, na kwa mama hizo si mbao. Aliwahi kumuuliza zinatengenezwaje. Mume wangu, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa juu ya kazi yake, akaeleza: mti unasagwa mpaka unakuwa nyuzinyuzi, nyuzinyuzi zinachanganywa na gundi, zinamiminwa, zinakandamizwa kwa moto mkali, zinatoka bodi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Mkate wa kumimina," akasema. Tangu siku hiyo hakuziita jina jingine.

Mbao nene ya mvule, kavu ya kuaminika, siku hizi haipatikani kirahisi, na inayopatikana mara nyingi huja mbichi ikajikunja ukutani. Kwa hiyo ilikuwa lazima iwe mkate wa kumimina. Mume wangu akaja kwa mama na vipande vya mfano kwenye mkoba wake, akavipanga kwenye sinia kando ya chai, amevaa shati la kutokea. Kipande cha kwanza kilikuwa softibodi, ile nyepesi unayoweza kuitia pini, wanayobandikia matangazo skuli. Cha pili kilikuwa MDF, laini na nzito, yenye unene wa kidole. Cha tatu kilikuwa hadibodi, nyembamba, ngumu, rangi ya kahawia, inayopigiliwa nyuma ya makabati. Zote zinatokana na nyuzinyuzi za mti, akaeleza, ila zimekandamizwa kwa nguvu tofauti.

Mama akakichukua kipande cha MDF, akakinusa, akakichovya kwenye kikombe chake cha chai. Akakaa nacho hivyo, akatuuliza habari za watoto. Tulipokuwa tumeshasahau, akakitoa. Kingo zilikuwa zimevimba.

"Mnaona?"

"Mama, rafu haitokaa ndani ya chai," mume wangu akasema.

"Chukwani si kuna bahari? Bahari na chai tofauti yake sukari tu."

Mume wangu akaeleza namna atakavyoziba kingo kwa rangi ya mafuta, na namna atakavyoiacha nafasi kati ya rafu na ukuta. Mama akasema sawa, maji tumeyamaliza, tuje kwenye kunepa. Aliwahi kuona kabati la jirani lililotengenezwa kwa bodi, na rafu yake ilikuwa imenepa kama kamba ya kuanikia nguo, sahani zote zimekusanyika katikati zikigusana. Hilo hatalikubali. Alitaka aone kwa macho yake ni bodi ipi inanepa zaidi na ipi inanepa kidogo, na aone hapo hapo kwake.

Basi tukafanya karakana chini kwa mama, kwenye njia ya kuingilia. Mume wangu akasimamisha matofali pande mbili, umbali sawa na urefu wa rafu anayoitaka mama. Mimi ni mshoni, kwa hiyo uzi na rula vilikuwa vyangu. Tulilaza bodi juu ya matofali, nikautia uzi kutoka ncha hadi ncha na kuuvuta mpaka ukalia. Kisha tukaweka ndoo ya maji katikati ya bodi. Uzi ukabaki juu, bodi ikashuka, na ile nafasi iliyo baina yake ndiyo kunepa kwenyewe. Ndoo ilikuwa moja na maji yalifika kwenye mstari mmoja kila mara, maana mama alikaa kwenye ngazi akisimamia mstari huo.

MDF ilinepa kiasi. Softibodi ilinepa mpaka mume wangu akaweka mikono chini yake kwa wasiwasi. Hadibodi, ile nyembamba, haikungoja mjadala. Ilijikunja, ndoo ikateleza, maji yote yakamwagikia suruali ya mume wangu, ile aliyoilinganisha na shati la kutokea. Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya ngazi. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu baba afariki, nikatamani kumwaga ndoo nyingine.

"Hadibodi imeshindwa," nikatangaza.

"Hiyo si haki," akasema mume wangu, huku akikamua mguu wa suruali. "Hiyo nyembamba, nyengine nene. Unene ndio unaobeba. Ukitaka kujua ipi ngumu, zifanye unene mmoja."

"Mwache atetee mkate wake," mama akasema. "Lakini kasema kweli."

Mume wangu akaenda karakana kwake, akazigundisha hadibodi kadhaa moja juu ya moja, akazibana kwa jiriwa mpaka gundi ikakauka, akarudi na ubao mmoja wa kahawia wenye unene sawasawa na ule wa MDF. Softibodi akaitafuta ya unene huo huo. Siku ya pili ya mapambano mama alishuka mapema, amevaa kanga mpya. Tukaweka ndoo, nikavuta uzi. Softibodi ilikuwa ya mwisho kama kawaida yake. Lakini hadibodi, yule aliyetumwagia maji, sasa alinepa kidogo kuliko MDF. Nilipima tena, nikadhani nimekosea. Mama akanyang'anya rula akapima mwenyewe, ameinamisha kichwa, jicho moja kalifumba.

"Kumbe kilichobanwa zaidi ndicho kigumu zaidi," akasema.

Mume wangu akachanua. Akaongeza kwamba ukiuzidisha unene mara mbili, kunepa hakupungui kwa nusu tu, kunapungua mara nane, na ukisogeza matofali karibu nako kunapungua hivyo hivyo. Mama akamtaka athibitishe. Akaugundisha ubao mwengine wa hadibodi juu ya ule wa kwanza, na gundi ilipokauka akaweka ndoo. Ilikuwa shida kuupitisha hata utepe wa kitambaa baina ya uzi na bodi. Mama akaguna kwa namna yake ya kukubali, ambayo ni kama ya mtu anayeumwa na jino. Kisha akaangalia boriti za dari juu yetu, akaangalia kuta mbili, moja huku na moja kule. Nilidhani anatafuta kitu kingine cha kukosoa.

"Sasa msifurahi," akasema. "Ndoo imekaa kitambo tu. Vyombo vyangu vitakaa mpaka nife. Ziacheni na ndoo zake, niziangalie."

Ndivyo lilivyokuja jaribio la tatu, ambalo halikuwa letu tena. Bodi za unene mmoja zikalazwa sambamba juu ya matofali, kila moja na ndoo yake, na njia ya kuingilia ikawa haipitiki ila kwa kujikunja. Jirani aliuliza kama tunakinga maji ya dari. Mama akamjibu tunapima ukweli wa mkwe. Kila asubuhi alishuka na rula yangu, na kila nikipiga simu nilipewa taarifa kabla ya kuulizwa hali. MDF imeshuka tena. Hadibodi imeshuka, lakini si sana. Softibodi, usiniulize.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, na sauti yake haikuwa ya mzaha, "kwani ndoo zimeongezwa maji?"

"Hapana, mama. Ndoo ni zile zile."

"Sasa mbona zinaendelea kushuka?"

Nikampa simu mume wangu. Akamweleza kwamba bodi ikibebeshwa mzigo siku nyingi huchoka. Mzigo hauzidi, lakini bodi inazidi kushuka kidogo kidogo, na maji na unyevu vinaiongezea. Cha kuangalia si kwamba inanepa, kila kitu kinanepa. Cha kuangalia ni ukiutoa mzigo inarudi au hairudi. Mama akamtaka airudie hiyo ya mwisho. Kisha akamshukuru, akamwita "baba," jambo ambalo mume wangu alilisimulia jioni nzima kwa majirani zetu.

Tulipokwenda kuziondoa ndoo, hadibodi ilirudi karibu yote mpaka kwenye uzi. MDF ilirudi, ila ikabakisha kitumbo kidogo. Softibodi ilibaki na tumbo lake vile vile, kama ndoo ingali juu yake. Mama aliinama akaipapasa kwa kiganja.

"Hii imeshakubali," akasema. "Haibebi kitu na bado imeinama."

Siku hiyo tulipokuwa tunaondoka aliniomba kibonge cha uzi mweupe, ule imara. Nilimuuliza wa nini. Akasema anataka kukunga kanga, kuzishona pindo. Mama hajakunga kanga tangu mimi nijifunze cherehani, lakini nilikuwa na haraka na nikampa.

Mume wangu akaanza kuitengeneza rafu: hadibodi tabaka juu ya tabaka, nene, na mhimili mmoja katikati ili masafa ya kunepa yawe mafupi. Mimi nikaanza kuhesabu sababu atakazozizusha mama tukishamaliza. Kisha mvua zikaja, za kweli, za usiku na mchana, na kwa siku kadhaa sikufika mjini. Nilimpigia simu na kumwambia asitembee tembee juu. Alinijibu kwamba anajua kutembea nyumbani kwake.

Mvua ilipopumua nikaenda. Nilipanda ngazi, nikavua viatu, nikatoa shikamoo mlangoni.

"Marahaba. Usiingie."

Mama alikuwa amekaa kwenye kona yake, miguu kaikunja, tasbihi mkononi. Zulia jekundu lilikuwa limekunjwa na kuegemezwa kwenye mlango wa kabati. Sijawahi kuiona sakafu ya katikati ya chumba kile katika maisha yangu. Ilikuwa na rangi nyengine, iliyopauka, sakafu ambayo haijaona jua wala mguu. Na juu yake, kutoka ukuta hadi ukuta, usawa wa kumkwaza mtu mguu, ulikuwa umepitishwa uzi mweupe.

"Pita ukutani," akasema, kana kwamba nimeshawahi kupita kwengine. "Njoo utazame."

Katikati, chini ya uzi, alikuwa amesimamisha kijiti cha ufagio wa chelewa, amekipandikiza kwenye kipande cha unga wa ngano uliokandwa. Kijiti hakikugusa uzi. Palikuwa na nafasi baina ya ncha yake na uzi, nafasi ya kupita kidole.

"Nilikikata kikae sawasawa," akasema. "Siku ile mlipoondoka na ndoo zenu nilikikata, kikagusa uzi hivi. Tangu siku hiyo hapana aliyefika hapo katikati. Wewe hukuja. Mimi sikupita. Paka kaja, nimemfukuza. Haijabeba kitu, na imeshuka."

Nikainama nikakitazama kile kijiti.

"Imeshakubali," akasema mama.

Nikakaa ukutani. Ndipo zikanijia zote kwa pamoja: gololi zinazoviringika zenyewe, zulia ambalo halikukanyagwa, wageni wa harusi yangu waliopangwa humo kando kwa kando na kuingizwa kwa zamu, mimi na ile kona nyuma ya friji. Nikamwangalia mama.

"Ulikuwa unajua."

"Nnajua tangu lini, hiyo ndiyo ya kuuliza. Nilipoingia nyumba hii mama mkwe wangu alinambia, katikati hakukaliwi, ndiyo adabu ya humu. Nikashika adabu. Wewe ukizaliwa nshajua kuwa limau likianguka linakwenda kule kule kila siku. Nikatandika zulia."

"Mbona hukutwambia?"

"Ningekwambieni sakafu inanepa, mngelala? Nikakwambieni ni adabu. Adabu haimnyimi mtu usingizi."

Nilikasirika. Nataka niseme wazi kwamba nilikasirika sana, mpaka masikio yalikuwa ya moto. Maisha yangu yote nimekaa ukutani nikijiona mtu wa heshima, nimewafundisha hata wanangu, wanaotambaa kando ya kuta za nyumba ya zege ambayo inaweza kubeba ndovu. Na katika hasira hiyo hiyo nikampenda mama mpaka nikaumia, kwa sababu nilimwona akiwa mwanamke kijana, ana watoto wanaorukaruka na sakafu ambayo hairukiwi, akitafuta neno la kuwatuliza bila ya kuwatisha, akalipata.

"Sasa ulikuwa unangoja nini?" nikamuuliza. "Mimi nnakuomba uhame, unanambia samaki hawana ladha."

"Nilidhani inanepa na kurudi. Miaka yote ilikuwa ikinepa na kurudi. Watu wakijaa inashuka, wakiondoka inapanda, nnaisikia nikilala. Nikasema hii ni nyumba, inapumua. Sikujua kwamba kuna siku hairudi, mpaka mlipokuja na mikate yenu."

Akainuka, akapita ukutani mpaka kwenye rafu yake ya mvule, akaanza kunipa sahani moja moja.

"Mumeo kamaliza hiyo rafu?"

"Bado rangi."

"Nihamisheni. Rangi atapaka nikiwa namtazama."

Tukamhamisha siku zile zile, sisi na jamaa waliokuja kubeba. Aliwapanga wote wabebe kwa kupita kando, mzigo mmoja mmoja, na safari hii hapana aliyeuliza kwa nini. Mama alikuwa wa mwisho kutoka. Aliukata uzi kwa meno, akauzungusha kwenye kibonge, akanirudishia.

Rafu ya Chukwani mama hakuiamini kwa maneno. Kabla ya kuweka hata kikombe, aliitaka ndoo ya maji, na mume wangu akaileta akiwa amejitenga nayo kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kulowa. Ndoo ikakaa juu mchana kutwa. Mama akapima, akapima tena, akaguna lile guno la jino. Kisha akapanga vyombo vyake, sahani za pilau nyuma, mabakuli mbele, mabuli pembeni, kwa mpangilio ule ule wa mjini. Vikombe vyenye mdomo wa dhahabu akaviweka katikati ya mhimili na ukuta, mahali pa kunepa zaidi. Mume wangu aliliona hilo, akaingia jikoni akapenga pua.

Ijumaa iliyofuata tukasoma dua ya kumkaribisha. Jamaa wakaja kutoka mjini, wengine kutoka Chwaka. Wakaingia chumbani kwa mama, wakavua viatu, wakatoa salamu, na mmoja baada ya mwengine wakapita ukutani mpaka chumba kikazungukwa na watu waliobanana mabega, wakubwa na watoto, migongo kwenye rangi mpya. Katikati pakabaki uwanja mtupu wa sakafu. Wakwe zangu waliokuwepo wakaangaliana. Mimi nikataka kucheka, na pia sikutaka.

Mama akaingia akiburura zulia jekundu. Akalikunjua katikati kabisa, akalinyoosha kwa mguu, maua yake bado yanang'aa. Kisha mama yangu, ambaye sijawahi kumwona amekaa chumbani mbali na ukuta tangu kuzaliwa kwangu, akajishusha taratibu akakaa juu yake, akanyoosha miguu yote miwili mbele.

"Njooni," akasema.

Hapana aliyesogea.

"Njooni bwana, zege hii."

Wakaniangalia mimi. Nikainuka, nikaenda, nikaanza kwa ncha ya kidole cha mguu, kama mtu anayejaribu maji. Nikakaa ubavuni kwake, nikatega sikio kwa mazoea. Sakafu haikusema kitu. Ndipo nikaanza kulia, bila ya haya, mbele ya jamaa na wakwe, na mama akanivuta kichwa changu begani kwake.

"Usinlowanishie zulia," akaninong'oneza. "Jipya hili."